Baba wa damu, baba wa mahari, baba wa karatasi: kufuatilia wazazi na ndoa za enzi ya ukoloni Afrika Mashariki

Cheti cha ubatizo cha babu yangu mzaa mama kilikaa chini ya sanduku la nguo kwa zaidi ya miaka sitini kwa sababu ya maneno mawili ya Kilatini: filius naturalis. Padri aliyeyaandika, huko Kilimanjaro baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alimaanisha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Babu aliambiwa maana yake akiwa kijana, akakikunja cheti, na hakumwonyesha mtu tena. Mimi nilikikuta baada ya mazishi yake. Miaka minne baadaye nikasoma jalada la kesi ya mahari ya miaka ya 1930, ambapo kaka wa mama yake babu alikuwa anadai mbuzi waliobaki. Wazee wawili waliapa mbele ya baraza kwamba posa ilipelekwa na pombe ikanywewa kabla ya vita vya Mjerumani. Kwa hiyo ndoa ilikuwepo, na mtoto alizaliwa ndani yake. Padri hakuiona kwa kuwa haikufungwa kanisani.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyeshika karatasi ya namna hiyo, au aliyekosa karatasi kabisa, na anataka kujua babu yake ni mtoto wa nani.

Kwanza, gawa swali lako mara tatu

Chukua daftari, chora safu tatu. Ya kwanza iite baba wa damu, ya pili baba wa mahari, ya tatu baba wa karatasi. Kila utakachosikia au kusoma kiingize kwenye safu yake, na usihamishe jina kutoka safu moja kwenda nyingine mpaka uwe na ushahidi. Utafiti mwingi ninaoletewa umeharibika hapa, mwanzoni kabisa, kwa mtu kudhani kwamba neno "baba" lina maana moja.

Ndoa za kwetu zilikuwa na namna zake. Kwa Wajaluo mjane akirithiwa, watoto anaowazaa baadaye huhesabiwa kuwa wa marehemu, kwa hiyo ukimkuta mtoto aliyezaliwa miaka mitano baada ya kifo cha "baba" yake, usifute tarehe ukidhani ni kosa. Kwa Wakuria kuna nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anayemtolea mahari mwanamke mwenzake ili apate warithi; Wanandi nao wana ndoa za namna hiyo. Baba wa mahari hapo ni mwanamke, na karani wa serikali aliyekuja kuandika kodi huenda alijiandikia alivyoona yeye inafaa.

Lugha yetu pia inateleza. Baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, na mzee akikuambia "baba yangu alinisomesha misheni" muulize palepale: baba aliyekuzaa, au ndugu yake? Kaka anaweza kuwa mtoto wa ami. Mama anaweza kuwa mama mkubwa aliyemlea mtoto baada ya mamake kufariki kwa uzazi. Uliza, andika jibu, andika na jina la aliyekujibu.

Wazee kabla ya ofisi

Anza na aliye mkubwa kuliko wote, hata kama kumbukumbu zake zinakatika. Makaratasi yatakusubiri. Mhoji kila mzee peke yake, maana wakiwa pamoja mdogo humfuata mkubwa, nawe utaondoka na ushahidi mmoja ukidhani ni wa watu watatu.

Usiulize "baba yake halisi alikuwa nani?" Swali hilo hufunga mlango. Uliza yanayozunguka: nani alipokea mahari ya binti wa kwanza wa nyumba ile? Nani aliyesimama kuwa wali, yaani mwenye haki ya kumwozesha bibi harusi wa Kiislamu? Marehemu alizikwa kwa nani, na nani alichimba kaburi? Shamba lile lilitoka kwa nani? Mtoto alitahiriwa na kina nani? Haya mzee huyataja bila kuona aibu, na ndani yake kuna jibu ulilokuja kutafuta.

Hapa pana mtego mmoja. Ukisikia mahari ilipokelewa na mjomba, usikimbilie kusema baba hakujulikana. Kwa Waluguru, Wakaguru, Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo ulifuatwa kwa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kwingineko, mjomba kupokea mahari ni dalili kwamba baba wa damu hakuwa amemtolea mama mahari. Dalili ni ileile, na maana yake inategemea kabila na wakati.

Majina ya watoto nayo ni ushahidi. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama. Binti wa kwanza huitwa kwa mama wa baba, wa pili kwa mama wa mama. Ukiwa na orodha kamili ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kuyafikia majina ya mababu wanne bila karatasi yoyote. Na pale mpangilio unapovunjika, simama hapo: ama kuna mtoto aliyefariki na kusahaulika, ama kuna ndoa nyingine kabla ya hii.

Tarehe zitafute kwa matukio. Kimbunga cha Zanzibar cha 1872, tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, Maji Maji ya 1905 hadi 1907, vita vya 1914 hadi 1918 na homa kali iliyofuata 1918, nzige wa mwanzo wa miaka ya 1930, mradi wa karanga wa Kongwa na Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940. Muulize mzee: mama yako alikuwa ameshaolewa wapagazi walipochukuliwa kwenda vitani? Alikuwa na mtoto mgongoni? Jibu lake litakufaa kuliko "miaka mia iliyopita".

Jua ndoa ilikuwa ya aina gani, ndipo ujue pa kutafuta

Sehemu hii usiipitie haraka. Wakoloni hawakuwa na daftari moja la ndoa. Kila rangi na kila dini iliwekewa mlango wake, na karatasi ilibaki pale ilipozaliwa.

Nchini Kenya, sheria ya ndoa ya 1902 ilihusu ndoa zilizofungwa mbele ya msajili au mchungaji mwenye leseni. Mwaka 1904 ikaja sheria ya ndoa za Wakristo wenyeji, ambayo ilibadilishwa 1931. Ndoa na talaka za Waislamu zikapata sheria yake ya usajili 1906. Tanganyika ilikaa na utaratibu wa namna hiyo wa milango mingi mpaka Sheria ya Ndoa ya 1971 ilipoziweka ndoa zote chini ya paa moja. Ndoa za mila, ambazo ndizo walizofunga wengi wa babu zetu, mara nyingi hazikuwa na daftari lolote. Ukienda kwa msajili na kuambiwa "hakuna rekodi", maana yake ni kwamba hakuna rekodi kwenye mlango huo. Hujathibitisha kwamba watu wale hawakuoana.

Usajili wa vizazi ulikuwa vivyo hivyo. Kenya ilianza na Wazungu 1904, ikafuata na Waasia 1906, na Waafrika wengi wakasubiri kwa miongo. Ukipata cheti cha kuzaliwa cha Mwafrika aliyezaliwa 1915, angalia kwanza kiliandikwa lini. Mara nyingi kilitolewa akiwa mtu mzima, kwa ajili ya kazi au pasipoti, na jina la baba lililomo ni lile alilolitaja mwenyewe siku hiyo. Kina thamani kama ushahidi wa mtu aliyekiomba, wala si ushahidi wa mkunga.

Daftari za misheni

Kwa Mkristo, mlango wa kwanza ni parokia au usharika wa kijiji chake, wala usianzie makao makuu. Mwandikie paroko au mchungaji barua kabla ya kwenda, taja jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la kijiji, na miaka unayokisia. Ukifika omba kuona daftari lenyewe. Cheti kipya kinachonakiliwa leo huacha mambo ya pembeni, na mambo ya pembeni ndiyo unayoyahitaji.

Kwa Wakatoliki kuna msaada mkubwa ambao wengi hawaujui. Amri ya Roma iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908 iliwalazimu mapadri kuandika ndoa ya mtu pembeni mwa mstari wake wa ubatizo. Kwa hiyo ukipata ubatizo, tazama ukingo wa ukurasa: huenda kuna tarehe ya ndoa, jina la mwenzi na jina la parokia nyingine kabisa, labda mbali, alikokwenda kufanya kazi. Babu aliyepotelea kwenye mashamba ya mkonge huonekana tena kwa njia hii.

Maneno ya Kilatini utakayokutana nayo si mengi. Filius ni mwana, filia ni binti. Legitimus, kwa binti legitima, ni wa ndoa. Naturalis ni wa nje ya ndoa kwa macho ya kanisa. Patre ignoto ni baba hajulikani, na hapo uulize hajulikani kwa nani: kwa mama, au kwa padri aliyekuja juzi? Patrinus na matrina ni wasimamizi wa ubatizo. Wasimamizi waandike wote, maana mara nyingi ni ndugu wa upande uliofichwa. Adultus ni mtu mzima, na kwa mtu mzima umri na jina la baba vilitoka kinywani mwake.

Kuna jambo limewaumiza watu wengi na linahitaji kusemwa wazi. Mwanamume mwenye wake watatu alipotaka ubatizo aliamriwa abaki na mmoja. Wale wawili walioachwa walikuwa wameolewa kihalali kwa mila, watoto wao walikuwa na baba anayejulikana kijiji kizima, lakini daftarini wakaingia kwa jina la mama peke yake, au na neno naturalis. Ukiona watoto kadhaa wa kijiji kimoja wenye umri unaokaribiana wakiandikwa hivyo katika miaka ileile, tafuta ubatizo wa mwanamume mmoja mtu mzima karibu na tarehe hizo. Mara nyingi baba yao ndiye huyo.

Daftari za Walutheri za enzi ya Mjerumani zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Piga picha, tafuta msomaji. Neno unehelich lina maana ya nje ya ndoa, ledig ni asiyeoa au asiyeolewa. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa Tanganyika mwaka 1920 na kuanza kurudi katikati ya muongo ule, na kwa miaka hiyo makanisa mengi yalibaki mikononi mwa walimu wenyeji. Usiruke kipindi hicho. Mwalimu mwenyeji alijua nani ni mtoto wa nani, na mwandiko wake wakati mwingine una ukweli kuliko wa wageni waliomtangulia.

Kama daftari la hapa limeliwa na mchwa, kuna nakala na shajara zilizopelekwa Ulaya. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo 1868, wana kumbukumbu zao Chevilly-Larue karibu na Paris. Za Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, ziko Roma. Za CMS, misheni ya Kianglikana walioanzisha makazi ya Frere Town jirani na Mombasa mwaka 1875, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Za UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana iliyokuwa Zanzibar, Magila na Masasi, ziko Oxford.

Kadhi, suria na watu walioachwa huru

Katika ndoa ya Kiislamu tazama safu ya wali kabla ya safu nyingine yoyote. Wali ni baba, akikosekana babu mzaa baba, kisha kaka, kisha ami. Ikiwa kadhi mwenyewe ndiye aliyemwozesha bibi harusi, jiulize kwa nini. Huenda baba na jamaa zake walikuwa mbali, huenda wamekufa, huenda binti hakuwa na nasaba inayotambulika kwa baba. Linganisha na ndoa za dada zake. Dada mmoja akiozwa na ami na mwingine akaozwa na kadhi katika mji uleule, hao pengine hawakuwa wa baba mmoja.

Majalada ya mirathi yana nguvu kuliko cheti cha ndoa. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa nje ya ndoa hurithi kwa mama, hamrithi baba. Anayepewa fungu la mwana katika mirathi ya mwanamume fulani ametambuliwa kuwa mwanawe mbele ya ndugu ambao kila mmoja alikuwa na sababu ya kumkataa. Tafuta pia hati za wakfu, maana mwenye kuweka wakfu hutaja vizazi vyake kwa majina.

Katika familia za Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa utafika mahali ambapo mama hana jina la baba, na ndoa yake haionekani popote. Huenda alikuwa suria, yaani mtumwa aliyeishi na bwana wake kama mke bila ndoa. Mtoto wa suria aliyetambuliwa na bwana wake ni huru, ana nasaba kamili, anarithi sawa na watoto wa wake wa ndoa. Hapo acha kutafuta ndoa, tafuta mirathi. Amri ya Zanzibar ya 6 Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa iliwaacha masuria nje, na ni amri ya 1909 iliyowafikia. Baadhi waliachwa huru na kuolewa na mabwana wao wakiwa tayari na watoto wakubwa, ndiyo maana tarehe ya ndoa huweza kuja baada ya tarehe za watoto wote bila kuwa na kosa. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa 1907. Tanganyika, Wajerumani walitamka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru, na Waingereza wakamaliza jambo hilo 1922.

Watumwa walioomba uhuru Zanzibar waliandikishwa mahakamani, na Wajerumani bara walitoa hati za uhuru. Humo utakuta jina, makisio ya umri, kabila na jina la bwana. Jina la bwana usilichukue kama jina la baba, hata kama mjukuu wake leo analitumia kama ukoo. Majina kama Feruzi, Almasi, Marjani, Mabruki na Baraka yalipendwa kupewa watumwa, na "bin Abdallah" mara nyingi iliandikwa kwa mtu ambaye baba yake hakujulikana au hakuwa Mwislamu. Nasema mara nyingi, maana Abdallah wapo wengi waliokuwa baba wa kweli.

Hili nalifanyia kazi kwa moyo mzito. Kuna mahali nasaba inakatika kwa sababu mtu aliibwa akiwa mtoto na hakuna aliyeandika mama yake ni nani. Kabila lililoandikwa, Mnyasa, Myao, Mzigua, huenda ndilo jambo la mwisho utakalolipata. Lihifadhi kwa heshima.

Pale ndoa haikuandikwa popote

Ndoa ya mila huacha alama kwenye karatasi zilizoandikwa kwa sababu nyingine. Mjerumani alianza kutoza kodi ya nyumba 1898, na Mwingereza wa Kenya akafuata miaka michache baadaye. Mwenye wake wengi alilipa kwa kila nyumba, kwa hiyo idadi ya nyumba kwenye orodha ya kodi inakaribia idadi ya wake. Nyumba ikiongezeka kati ya mwaka mmoja na mwingine, huenda kuna harusi au kuna mjane aliyerithiwa. Nyumba ikipungua, kuna kifo, talaka, au mtu amejificha asilipe.

Kesi za baraza na mahakama za wenyeji ndizo hazina yenyewe. Watu hawakushtakiana kuhusu furaha. Walishtakiana kuhusu mahari isiyokwisha, mke aliyetoroka, mtoto anayedaiwa na pande mbili. Kila kesi ya mahari inataja nani alioa nani, kwa mbuzi au ng'ombe wangapi, mbele ya nani, kabla au baada ya tukio gani. Tafuta kwa jina la mjomba na la baba mkwe pia, kwa sababu mara nyingi mdai ni mmoja wao. Jalada la babu yangu mimi sikulipata kwa jina la babu wala la baba yake, nililipata kwa jina la mjomba ambaye nyumbani hakuna aliyekuwa akimtaja.

Pwani ya Kenya, sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 iliwataka wenye mashamba waeleze walivyoyapata, na wengi walieleza urithi wao kizazi kwa kizazi. Kipande cha Kenya, yaani kitambulisho cha kazi cha Mwafrika, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutumika vita vilipokwisha, kilibeba jina, kabila, wilaya, alama za vidole na majina ya waajiri, na kitakusaidia kujua mwanamume alikuwa wapi mwaka mtoto alipotungwa. Kama familia bado ina kile kikebe chake cha bati, kifungue polepole.

Wanawake wataandikwa "binti Fulani" bila jina lao. Usiache nafasi hiyo wazi kwenye mti wako. Andika kama ilivyo, "binti Mwinyimkuu, jina lake halijapatikana", maana huyo ni mtu na siku moja jina lake linaweza kujitokeza kwenye kesi au mirathi.

Baba akiwa afisa au mlowezi

Januari 1909 Waziri wa Makoloni, Lord Crewe, alituma waraka wa siri ukiwaonya maafisa wa Kiingereza dhidi ya kuishi na wanawake wenyeji kama masuria, baada ya kashfa iliyoanzia Kenya. Tangu hapo afisa aliyemzalisha mwanamke wa hapa alikuwa na sababu ya kuhakikisha jina lake halipo kwenye karatasi. Usitarajie kukuta amekiri.

Fanya hesabu. Pata tarehe ya kuzaliwa kwa ukaribu unaowezekana, rudi nyuma miezi tisa, kisha ujiulize ni Wazungu gani walikuwa boma lile wakati ule. Gazeti rasmi la serikali, ambalo kwa Kenya lilianza 1899 na matoleo mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni, lilitangaza uteuzi, uhamisho, likizo na kurejea kwa maafisa. Lilitangaza pia mirathi za waliofariki. Afisa aliyekuwa likizo Uingereza miezi hiyo mtoe kwenye orodha. Mara nyingi utabaki na majina mawili au matatu, na hapo ndipo kipimo cha vinasaba kinapata kazi.

Kwenda kwenye nyaraka

Nairobi, Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue. Dar es Salaam ziko Upanga, na humo kuna majalada ya Mjerumani na vitabu vya wilaya vya Mwingereza, ambavyo vina nasaba za machifu na maakida (watawala wadogo wa serikali). Zanzibar ni Kilimani. London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, tafuta barua za makoloni chini ya CO 533 kwa Kenya, CO 691 kwa Tanganyika, CO 618 kwa Zanzibar. Kumbukumbu za ofisi ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin chini ya R 1001.

Kabla ya kwenda uliza kwa simu kuhusu kibali na ada. Nenda na penseli, orodha ya tahajia zote za jina (Saidi, Said, Seyid, Zaidi) na majina ya zamani ya wilaya. Andika namba kamili ya jalada na ukurasa palepale. Niliwahi kupoteza siku mbili nzima nikitafuta upya karatasi niliyoisoma mwaka uliotangulia bila kuandika namba yake.

Vinasaba

Mtoto hupata nusu ya vinasaba vyake kwa kila mzazi. Ndugu wa mzazi mmoja hushirikiana takriban asilimia 25, na kiwango hichohicho huwahusu babu na mjukuu, au shangazi na mpwa, kwa hiyo umri wa watu ndio utakaoamua ni uhusiano upi. Mabinamu wa kwanza ni takriban 12.5. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu, na DNA ya mitokondria hutoka kwa mama. Mpime mzee kabla ya kijana. Hifadhi za makampuni ya upimaji zina watu wachache wa Afrika Mashariki, hivyo kukosa ndugu humo hakuthibitishi lolote. Tanzania upimaji unasimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na usimpime mtu bila kumweleza kwamba majibu yanaweza kumwondoa kwa baba aliyemlea.

Kupima na kuandika

Jina likubalike kwenye safu pale ushahidi wa aina mbili usiotegemeana unapokutana: kesi na mzee, mirathi na daftari, kodi na majina ya watoto. Cheti na kitambulisho vilivyotolewa kwa maneno ya mtu mmoja ni ushahidi mmoja. Mashahidi wanapogongana, muulize kila shahidi alijuaje, alikuwepo au alisikia, na alikuwa na faida gani kusema vile.

Kisha andika kwa sentensi kamili. Kwa babu yangu niliandika hivi: "Mwana wa ndoa ya mila, mahari ilitolewa kabla ya 1914 kwa ushahidi wa wazee wawili barazani, daftari la ubatizo linasema naturalis kwa kuwa wazazi hawakufunga ndoa kanisani." Nikaambatanisha picha ya cheti na picha ya ukurasa wa kesi. Nakala moja nikampelekea dada yake babu aliyekuwa bado hai, nikamsomea mara mbili kwa kuwa macho yake hayakuona tena. Akaniomba nimsomee mara ya tatu ile sehemu ya mahari.